Simu Haikukatika Yenyewe

Kiamunyi, Jumamosi jioni

Nafula mwanangu,

Hali yako siulizi, maana mchana nimekuona ukimaliza sahani mbili za ugali na mrenda, ukasema huko India, Pune, hakutakuwa na mtu wa kukupikia hivyo. Yangu ndiyo mbaya. Umeenda mjini kumuaga Mama Harjit na umesema utarudi kabla ya chakula, kwa hivyo nina kama masaa mawili, na huu mkono wangu umezoea mopu kuliko kalamu. Utavumilia mwandiko.

Sitakuandikia habari ya sweta, wala maji ya kuchemsha, wala wanaume. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka ukaniambia, "Mathe, nimeshika, rudia kesho." Leo nina kitu kimoja tu. Lakini kabla sijakisema wacha nijisifu kidogo, maana nikishakisema sitakuwa na uso wa kujisifu tena.

Mimi niliachia masomo darasa la saba. Babu yako alikuwa fundi wa reli, alitoka magharibi na sanduku moja, akatulea hapa Nakuru sisi sita kwenye chumba kimoja cha nyumba za reli. Hakuna mtu katika sisi sita aliyewahi kuguswa na kompyuta, wacha kuigusa. Na ni mimi, Agnes, mfagiaji wa saiba, hili duka la intaneti la Mama Harjit, nimezaa mtoto ambaye wazungu na wahindi wanamtumia tiketi ya ndege aende awaonyeshe akili. Hiyo hata leo naisema kwa sauti. Ulikuja pale saiba ukiwa kidato cha pili, eti unisaidie kufuta meza, na kabla mwezi haujaisha Mama Harjit alikuwa anakuita wewe, si fundi. "Agnes, hii toto yako iko na kichwa. Wacha yeye shika mashini, wewe shika ndoo." Nikashika ndoo kwa furaha.

Unakumbuka vile watu walikuwa wanatafuta wewe? Yule mzee aliyetoka Longonot na simu imefungwa kwa leso, mtoto wake yuko Kanada, na hajasikia sauti yake tangu azaliwe mjukuu. Ukamwambia, "Keti, mzee," ukaweka jina la akaunti, paswadi, anwani ya seva, na ile namba ya mlango ambayo sauti inapitia. Mimi nilikuwa nasimama nyuma yako na kitambaa, nikijifanya nafuta dirisha. Nilifuta lile dirisha mpaka likaisha. Yote niliyashika, na Jumapili nikawaambia wanakwaya.

"Nafula wangu anapitisha sauti kwa intaneti," nikasema. "Simu inalia Kanada kama inalia hapa mtaani Rhonda."

"Anapitisha sauti," Mama Ayub akasema, "ama anapitisha wewe?"

Wakacheka, na mimi nikacheka, na Jumapili iliyofuata nikarudia tena.

Ulinieleza na mimi nikaelewa, usifikiri sikuelewa. Ulisema sauti inakatwa vipande vidogo vidogo, kila kipande kinakimbia njia yake, na kule mwisho vinashonwa tena. Nikakuuliza, "Na kipande kikichelewa?" Ukasema, "Kinatupwa, mama. Simu haingoji." Lakini ile video ya harusi ya mpwa wa Mama Harjit kule Leicester, Uingereza, tuliyoitazama kwa simu yako, yenyewe ilikuwa inasimama, kale kaduara kanazunguka, halafu inaendelea. Nikasema mbona hiyo inangoja? Ukaniambia, "Hiyo inaweza kungoja kwa sababu harusi ilishaisha. Hakuna mtu upande wa pili anangoja umjibu."

Ukanifundisha pia kwamba neno linachelewa njiani. Sema, halafu hesabu moja, mbili, ndiyo usikie jibu. Sikuweza. Mimi nikisema nataka kujibiwa, na nisipojibiwa nasema tena. Ulikuwa unacheka mpaka unashika tumbo: "Mama, unamkanyaga Barasa! Mwache amalize!"

Sasa nimefika kwa Barasa.

Ndugu yako alipoenda Doha aliniambia, "Mama, nimepata kazi kwa hoteli." Maneno ni hayo tu. Hakusema manija. Manija nilimuweka mimi. Nilianza na karani, nikaona karani ni mdogo, nikampandisha cheo pale pale kanisani nikiwa nimesimama kwenye foleni ya sadaka. Suti nikamvalisha mimi. Yeye hakunidanganya hata siku moja, nataka ulijue hilo, kwa sababu ukisoma yanayofuata unaweza kumkasirikia ukidhani alitudanganya. Alikutumia ile simu nyeusi ya kushika intaneti kwa mkono wa mwenzake, ukaifungulia akaunti, na Jumapili mchana, saiba ikiwa imefungwa na mimi nina funguo, tulikuwa tunakaa kwenye benchi la nyuma ambapo intaneti isiyo na waya inashika vizuri, yeye anapiga kutoka duka la intaneti la huko, tunaongea. Hizo Jumapili zilikuwa tamu. Sikujua zilikuwa tamu kwa sababu tulikuwa watatu tu.

Ile Jumapili ya Novemba, kabla ya uchaguzi, nilitaka kwaya isikie. Nilimuomba Mama Harjit ruhusa. Akasema, "Leta watu yako, lakini kiti isivunjike." Nikawaleta wanawake wanane na vitambaa vyao vya kichwa. Wewe ukatengeneza simu, ukahakikisha jina la Barasa liko kijani, yaani amefungua na anapatikana, halafu nikakutuma kreti ya soda. Nikaweka simu juu ya benchi, nikafungua spika.

Wewe hukuwepo. Hii ndiyo sehemu hujawahi kusikia.

Simu ikalia. Nikabonyeza. Barasa akasema, "Mama?"

"Mwanangu! Manija wangu!" Nikawaangalia akina mama hivi, kama mtu anayefunua sufuria ya pilau.

Moja, mbili. Kisha akasema, "Mama, uko peke yako?"

Aliniuliza, Nafula. Aliniuliza kabisa. Na mimi nikamkonyezea Mama Ayub, nikasema, "Niko na wewe tu, baba yangu. Ongea."

Nilidhani anataka kusema amepata mchumba.

Akasema, "Mama, mimi si manija. Sijui nani alikuambia hivyo. Naosha sufuria. Pasipoti yangu iko na tajiri tangu siku ya kwanza, na juzi alinipiga na mfuniko kwa sababu nilimwomba anirudishie. Nataka kurudi nyumbani. Niambie tu nirudi, mama, nitatafuta njia."

Nikasema, "Barasa, nyamaza, kuna watu!"

Lakini neno langu lilikuwa bado liko njiani, na ya kwake yalikuwa yameshatoka. Yakaendelea kuja, kwa spika, wazi, safi, sauti ya mtoto wangu akiwa analia. "Nalala jikoni, mama, chini ya meza, na kuna..."

Nikabonyeza kile kitufe chekundu.

Mimi. Kidole hiki ninachoandikia nacho. Sikungoja hata neno langu limfikie. Kwa hivyo mpaka leo sijui alisikia nini. Kama lile "kuna watu" lilifika, basi anajua nilimweka sokoni. Kama halikufika, basi anajua tu kwamba aliniambia analala chini ya meza na mamake akakata. Nimeyageuza haya mawili kila siku kama chapati, na pande zote mbili zimeungua.

Nikasema, "Ni mtandao. Huu mtandao unachanganya maneno ya watu." Wakaangalia sakafu, sakafu niliyoipiga deki mimi mwenyewe asubuhi. Ndipo ukaingia na soda, unahema, umefurahi. "Imeenda aje?"

"Imekatika," nikasema.

Ukaweka kreti chini. Ukachukua simu, ukaangalia, na uso wako ukabadilika. Ukanivuta kando, ukasema, "Mama, ni mimi. Jana nilibadilisha setingi, nilipunguza sauti isile intaneti nyingi. Ni mimi nimeharibu."

Ningeweza kusema pale pale. Hao wanawake walikuwa wanafungua soda, hata wasingesikia. Na mimi nikakushika bega nikasema, "Usilie. Kila mtu hukosea. Nimekusamehe."

Nilikusamehe kosa langu, Nafula. Na ukanishukuru.

Si hilo tu. Wacha nimalize nikiwa na moyo. Jumatano yake uliacha simu ikichaji pale kaunta, ukaenda posta. Ikalia. Jina lake. Nilikuwa na mopu mkononi. Ikalia mpaka ikanyamaza, ikalia tena, ikalia tena, mara tatu. Unajua nilikuwa nafikiria nini? Nilikuwa nafikiria atarudi na mfuko wa plastiki, ashukie pale steji, na Mama Ayub awe wa kwanza kumuona. Hicho ndicho nilifikiria, mtoto wangu amelala chini ya meza. Halafu nikafuta zile simu tatu kwenye orodha usizione. Wewe mwenyewe ndiye ulinifundisha kufuta.

Nilijiambia Jumapili nitaongea naye vizuri. Jumapili hakupiga. Ikaja Desemba na uchaguzi, ikaja Januari na vurugu, na hayo ya Januari sina haja ya kukuandikia, ulibeba godoro kichwani kutoka Rhonda mpaka hapa na hiyo simu ndani ya soksi. Laini yangu ikapotea na kila kitu. Saiba ilifungwa wiki ngapi. Kwa hivyo kama alitupigia wakati ule, kama aliona Nakuru kwenye televisheni ya tajiri wake akakimbia duka la intaneti, alikuta kimya. Ilipofunguliwa, jina lake lilikuwa kijivu, na limekaa kijivu hadi leo. Tunasema Barasa amepotea. Mimi nafikiria labda yeye ndiye anasema sisi tumekufa. Kwake sisi pia tuko kijivu.

Na wewe umepigana na hiyo simu miezi kumi. Umebadilisha seva, umebadilisha mlango, umejaza daftari mbili, umeandikia watu usiowajua Ulaya kuwauliza. Ulisema labda kule wamefunga njia za simu za intaneti. Ulisema labda ni vile vipande vinatupwa. Kila jioni baada ya kazi umeinama, unatafuta kosa lako. Na mimi nilikuwa nakuletea chai! Naweka kikombe hapo kando ya daftari, nakupapasa kichwa, naenda zangu.

Hakuna kosa lako. Jioni ya ile ile Jumapili Mama Harjit alipiga Leicester kwa simu hiyo hiyo na setingi zako hizo hizo. Nilikuwa nimesimama hapo. Wakaongea nusu saa na sauti ilikuwa kama mtu yuko chumba cha pili. Setingi zako zilikuwa sawa. Zilikuwa sawa kuliko kitu chochote ndani ya hiyo saiba. Simu haikukatika yenyewe.

Sasa, siku ile wale watu wa mafunzo ya Pune walikuhoji kwenye kompyuta, mimi nilikuwa nyuma ya mlango na ndoo. Walikuuliza kwa nini unataka kujifunza kazi hii. Ukasema kuna mtu wa familia yako alipotea kwa sababu ya setingi uliyoibadilisha bila kuelewa, na hutaki mtu mwingine apotee hivyo. Nadhani hapo ndipo walikupa nafasi. Niliketi juu ya ndoo. Halafu, na hapa ndipo utajua mama yako ni mtu wa aina gani, jioni hiyo nikazunguka Kiamunyi yote nikijisifu umepita.

Nimejaribu kukuambia kwa mdomo. Jumatatu nilianza, ukasema umechelewa. Jana nilianza, nikaishia kukuuliza kama umepaki taulo. Huu mdomo wangu wote, unaojulikana Rhonda mpaka Kaptembwo, na kwa jambo moja ukafa.

Kwa hivyo leo nilianza na wale wengine. Walipokuja kukuombea, ukatoka kwenda kutoa nakala za pasipoti, nilisimama. Nikawaambia akina mama wa kwaya: mwanangu si manija, anaosha sufuria, amenyang'anywa pasipoti, aliniambia huku analia na mimi nikamkatia kwa sababu yenu. Nilingoja wacheke.

Mama Ayub akasema, "Mama Barasa, keti. Sisi tulisikia yote siku ile. Tuna masikio."

"Na mkanyamaza?"

"Tulikuwa tunangoja wewe useme. Mtu anaweza kukuanzia hapo aje?" Akafungua leso yake, akafunga tena. "Huyu Ayub wangu nilikuambia alikuwa nesi Jeddah. Ayub alikuwa anachunga mbuzi. Jangwani. Pasipoti yake pia ilichukuliwa. Alitoroka, akaenda ubalozi, ile ofisi ya watu wetu, wakampa karatasi ya kusafiria, ndiyo akarudi. Ungeniuliza siku ile, ningekuambia siku ile."

Tangu ile Jumapili mwaka unakaribia kuisha, Nafula. Karatasi ilikuwepo, na anayejua njia alikuwa ameketi kwenye benchi langu anakunywa soda yangu.

Ulipoingia ukaniuliza mbona wametoka kimya hivyo, nikakujibu wamechoka. Huo uwe uongo wa mwisho ninaokupa.

Sasa nisikilize nikuombe. Pune wana intaneti nzuri. Ukifika, fungua akaunti ile ile, usifungue ingine, kwa sababu yeye anajua hiyo tu. Pale kando ya jina ambapo mtu huandika hali yake, andika: "Mama anajua. Mama anasema rudi." Iwe hapo mchana na usiku hata kama ni mwaka. Ukimpata, mwambie habari ya ile karatasi, Ayub ameahidi kuandika majina ya ofisi na utayapata kesho asubuhi. Mwambie mimi ndiye nilikata. Usinitetee. Najua utataka kunitetea, wewe ni mtoto mzuri, lakini usiseme ilikuwa mtandao.

Na niachie paswadi. Mama Harjit amekubali nikae kwa ile mashini ya mlangoni nikimaliza kazi, na hedifoni, bila spika. Najua kufungua. Najua anwani ya seva kwa kichwa, nikuandikie hapa? Nilikuwa nafuta dirisha, sikuwa nalala. Akipiga tukiwa wawili tumefungua, itanilia na mimi. Safari hii nitahesabu. Nitahesabu hadi kumi kama ni lazima.

Wewe ukinipigia, usinipambie. Kama chakula ni kibaya, sema. Kama mtu amekutisha, sema hilo kwanza, kabla ya salamu. Ukiniuliza kama niko peke yangu, nitakujibu ukweli. Ukija kuosha sufuria huko, nitajisifu na sufuria. Najua kujisifu na chochote, ni vile nilichagua vibaya.

Na nenda. Usiseme sasa hutaenda. Lakini usiende kufidia kosa ambalo halikuwa lako. Uliipenda hii kazi kabla ya ile Jumapili, nilikuona na yule mzee wa Longonot. Alipoanza kumwimbia mjukuu wake kwa simu ulitoka nje ukajifanya unapiga chafya. Enda kwa ajili ya hiyo kazi.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii ndani ya sweta, uikute ukiwa huko mbali. Nimeona hiyo ni ile ile tabia. Ningesema yangu yote na wewe usiwe na mtu wa kumjibu. Kwa hivyo naiweka mezani, chini ya taa, na sahani yako kando. Uisome ukiwa umekaa. Mimi nitakuwa pale jikoni, mlango wazi. Ukimaliza njoo useme chenye uko nacho, hata upige kelele, hata majirani wasikie. Hata uchukue dakika ngapi kabla ya neno la kwanza, sitasema kitu. Nitakungoja umalize.

Ni mimi mama yako,
Agnes, mama Barasa na Nafula